Upendo Unaohitaji Mashahidi

Katika saikolojia ya makuzi, yaani taaluma inayochunguza namna akili na hisia za binadamu zinavyojengeka tangu utotoni, kujithamini ni hukumu ya jumla ambayo mtu huitoa juu ya nafsi yake: kwamba yeye ni mtu wa maana, anastahili kupendwa na ana haki ya kuwapo mahali alipo. Mtoto hazaliwi na hukumu hiyo. Mwanafalsafa wa Marekani William James aliandika mwaka 1890 kwamba hukumu hii hutegemea uwiano uliopo kati ya yale ambayo mtu ameyafanikisha na yale anayoyatamani, kwa hiyo mtu anaweza kushindwa katika mambo mengi bila kuumia, mradi mambo hayo hayana uzito machoni pake. Mwaka 1902 mwanasosholojia Charles Horton Cooley alieleza upande wa pili wa jambo hilo, kwamba mtu hujiona kwa kadiri anavyodhani wenzake wanamwona, naye akaiita hali hiyo nafsi ya kioo. Baada yao Susan Harter, aliyewachunguza watoto kwa miaka mingi huko Marekani, aligundua kwamba miongoni mwa mambo yote ambayo mtoto hujipima kwayo, yakiwemo masomo, michezo, tabia na urafiki, ni sura ndiyo iliyofungamana zaidi na kujithamini kwake kwa jumla. Matokeo hayo yanatisha kidogo, kwa kuwa sura ndilo jambo ambalo mtoto hawezi kulibadilisha kwa bidii, na vipimo vyake havikuwekwa na mtoto wala na wazazi wake.

Vipimo hivyo viliwekwa na nani, na upendo wa nyumbani una nguvu gani mbele yake? Swali hilo lina uzito wa pekee katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, na zaidi katika mji mdogo kama Mulot, ulio ukingoni mwa nyanda hizo, mahali ambapo Kaunti ya Bomet inapakana na Narok kandokando ya Mto Amala, ambao ukiungana na Nyangores huwa Mto Mara. Hapa Wakipsigis na Wamaasai wamekutana kwa biashara ya ng'ombe na nafaka kwa vizazi vingi, na barabara ya lami itokayo Narok kwenda Bomet hupitisha bidhaa na picha za dunia nzima, zikiwemo sabuni na krimu za duka la vipodozi. Mtoto anayekulia katika mji huo hurithi kwa wakati mmoja malezi yenye mizizi mirefu, historia ya mashamba makubwa ambamo rangi ya ngozi ilikuwa cheo, na soko la leo linalomweleza kwa picha ni ngozi ipi inayopendeza.

Malezi ndiyo yafaayo kutazamwa kwanza, kwa sababu bahati njema imeyafanya malezi ya Wakipsigis kuwa miongoni mwa yaliyochunguzwa kwa makini zaidi barani Afrika. Katika miaka ya 1970 watafiti wawili, mume na mke, Charles Super na Sara Harkness, waliishi katika jumuiya ya wakulima wa Kikipsigis waliyoiita Kokwet, na kutokana na waliyoyaona huko wakajenga nadharia waliyoichapisha mwaka 1986, inayosema kwamba kila mtoto hukulia ndani ya kiota cha makuzi chenye pande tatu: mazingira anamoishi, desturi za kumlea, na imani ambazo wazazi wanazo juu ya mtoto. Super alionyesha mwaka 1976 kwamba watoto wachanga wa jumuiya hiyo walikaa na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, na sababu yake ilikuwa mafunzo, kwa maana mama zao waliwafundisha kukaa na kutembea kwa makusudi. Ili kumsifu mtoto aliyekua, wazee walitumia neno ng'om, ambalo hujumlisha akili pamoja na uwajibikaji, yaani mtoto anayetumwa na kufika, anayeona kazi kabla ya kuambiwa, anayeweza kuachiwa mdogo wake bila wasiwasi. Msichana mdogo aliyepewa jukumu la kubeba mtoto, cheplakwet, alipata heshima yake kutokana na jukumu hilo.

Hata kabla ya kazi, mtoto wa Kikipsigis hupewa nafasi yake kwa jina. Katika desturi iitwayo kurenet, wanawake wazee hutaja majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine, na jina litakalotajwa wakati mtoto anapopiga chafya ndilo linalohesabiwa kuwa lake, kwa imani kwamba mzee huyo amerudi nyumbani. Juu ya jina hilo la ukoo huja jina la wakati: Kiplangat aliyezaliwa jioni, Chepkoech aliyezaliwa alfajiri, Cherotich aliyezaliwa ng'ombe wakirejea zizini. Kabla mtoto hajafungua macho vizuri, watu wazima wamekwisha kukubaliana kwamba alitarajiwa, kwamba anajulikana, na kwamba yuko wakati wake. Ni vigumu kuufikiria msingi imara kuliko huo.

Hata hivyo, msingi huo una upande ambao haujajengwa. Robert LeVine, mwanaanthropolojia aliyewachunguza Wagusii, majirani wa Wakipsigis kwa upande wa magharibi, katika miaka ya 1950 na tena katika miaka ya 1970, alieleza kwamba akina mama wa huko walimnyamazisha mtoto upesi alipolia, walilala naye, walimnyonyesha kila alipotaka, lakini hawakuzungumza naye sana wala kumsifu, kwa kuwa sifa zilidhaniwa kumharibu mtoto na kumtia kiburi. Tabia hiyo ya kutosifu imeenea katika sehemu nyingi za nyanda za juu, na mtu akiitazama kwa haraka anaweza kuidhania kuwa ukosefu wa mapenzi. Dhana hiyo ni kosa. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyeanza kazi yake kubwa katika vijiji vya Buganda karibu na Kampala mwaka 1954 hadi 1955, akiwatazama mama 26 na watoto wao, na aliyechapisha matokeo yake mwaka 1967, alionyesha kwamba kinachomjengea mtoto usalama wa moyo ni mama anayemsoma mtoto wake na kumjibu kwa wakati, hata mtoto akajua kwamba akienda mbali kidogo kuchunguza dunia yuko mtu wa kumrudia. Usalama huo hujengwa kwa mikono na kwa mgongo, na katika nyumba za Mulot haujawahi kupungua kwa sababu ya uhaba wa maneno ya sifa.

Tatizo liko mahali pengine. Malezi yanayonyamaza juu ya mwili wa mtoto yalitosha wakati ambapo kila aliyemzunguka mtoto alifanana naye, na wakati ambapo uzuri wenyewe ulikuwa kitu cha kutengenezwa na jamii yake. Wazee wa Kikipsigis walitoga masikio na kuzinyoosha ndewe hadi zikaning'inia, waking'oa meno mawili ya chini, na vijana wa kike na wa kiume waliona fahari katika alama hizo. Zilipofika misheni za Lumbwa, Litein na Tenwek pamoja na shule zake, alama hizohizo zikageuzwa kuwa dalili ya ushenzi, na katika muda wa maisha ya mtu mmoja kilichokuwa uzuri kikawa aibu, hata wajukuu wakaona haya kusimama karibu na masikio ya babu zao katika picha. Mabadiliko hayo yanastahili kukumbukwa na kila anayeamini kwamba macho huona uzuri yenyewe bila kufundishwa.

Mashamba ya chai yaliyafundisha macho kwa ukali zaidi. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai kwa kiwango kikubwa Kericho katikati ya miaka ya 1920, katika ardhi ambayo wenyeji walikuwa wameondolewa, maisha ya shambani yalipangwa kwa ngazi ambayo mtoto wa miaka minne angeweza kuisoma bila kwenda shule: Mzungu katika nyumba ya mawe yenye bustani, Mhindi katika duka au nyuma ya vitabu vya hesabu, Mwafrika katika safu za vyumba vya vibarua. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi alilazimika kubeba kipande, hati ya utambulisho iliyotiwa katika kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni, na mtu mzima mwenye wake na watoto aliweza kuitwa boi mbele ya watoto hao. Shule nazo ziligawanywa kuwa za Wazungu, za Waasia na za Waafrika mpaka uhuru wa mwaka 1963 ulipokaribia. Mtoto aliyekua katika mpango huo hakuhitaji kuambiwa kwamba weupe ni bora, kwa kuwa alikwisha kuona ni nani anayeamkiwa kwanza, nani anavaa viatu na nani anaamua mshahara. Mfaransa mweusi kutoka Martinique, daktari wa magonjwa ya akili Frantz Fanon, alieleza mwaka 1952 jinsi hali kama hiyo inavyoingia ndani ya mtu hadi akaanza kujitazama kwa macho ya anayemtawala, na hilo ndilo jeraha ambalo uhuru wa bendera haukuliponya peke yake.

Si haki, hata hivyo, kuubebesha ukoloni wa Waingereza mzigo wote. Pwani ya Waswahili ilikuwa na mizani yake ya zamani, iliyotokana na utumwa na uungwana, ambamo nywele za singa na pua nyembamba zilihesabiwa kuwa ushahidi wa nasaba njema na nywele za kipilipili zikahesabiwa kuwa alama ya unyonge. Mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, binti wa watu maskini, alidhihakiwa kwa sura yake hata baada ya sauti yake kurekodiwa Bombay mwaka 1928 na kusikika pwani nzima, na mwandishi Shaaban Robert alipoandika wasifu wake aliona vema kuionyesha dhihaka hiyo na namna Siti alivyoishinda. Siti alikuwa mtu mzima mwenye kipaji kilichokwisha kutambuliwa. Mtoto wa miaka sita hana kipaji cha kumkinga wala jukwaa la kujibia.

Baada ya uhuru mizani ile iligeuzwa kuwa bidhaa. Krimu za Ambi na nyingine za aina yake zilitangazwa katika magazeti ya Kenya na ya nchi jirani katika miaka ya 1960 na 1970, zikimwahidi mwanamke mweusi mapenzi, kazi na maendeleo, na Okot p'Bitek katika utenzi wake wa mwaka 1966, Song of Lawino, alimweka mke wa kijijini amkosoe mke mwenzake wa mjini anayejikwatua ili afanane na Wazungu. Serikali zilijaribu kuzuia. Umoja wa Vijana wa chama cha TANU katika Tanzania ulitangaza Operesheni Vijana mwishoni mwa mwaka 1968, ukipiga vita krimu za kujichubua pamoja na mawigi na sketi fupi, na kwa bahati mbaya vita hivyo viliishia mara nyingi katika kuwasumbua wanawake barabarani. Afrika Kusini ilipiga marufuku dawa za kung'arisha ngozi mwaka 1990. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, umevilenga pia vipodozi vyenye madini hayo, kwa kuwa zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani chembe zinazoipa rangi yake, na wakati huohuo hudhuru figo na huweza kupita kutoka kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni. Hidrokwinoni na dawa za jamii ya steroidi, ambazo hutiwa katika mchanganyiko unaojulikana kama mkorogo, huiharibu ngozi kwa njia nyingine, ya pili ikiifanya nyembamba kiasi cha kuchubuka kwa urahisi. Sheria hizi ni za lazima na zinastahili kusimamiwa kwa nguvu zaidi, ila zinashughulika na chupa, ilhali hukumu iliyomfanya mtu ainunue chupa hiyo ilitolewa miaka mingi kabla.

Hukumu hiyo hutolewa mapema kiasi gani? Kenneth Clark na mkewe Mamie, wanasaikolojia weusi wa Marekani, walichapisha mwaka 1947 uchunguzi wao wa watoto weusi 253 wenye umri wa kati ya miaka 3 na 7, waliowekewa wanasesere wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, kisha wakaulizwa ni yupi mzuri, yupi mbaya, yupi wangependa kucheza naye, na mwisho kabisa ni yupi anayefanana nao. Walio wengi walimchagua mwanasesere mweupe kuwa mzuri, na baadhi yao walipofikia swali la mwisho walilia au wakatoka chumbani mbio. Uchunguzi huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku shule za kutenganisha watoto kwa rangi, na tangu hapo umesimuliwa mara nyingi kana kwamba ulithibitisha kuwa mtoto mweusi hujichukia.

Waliokuja baadaye walisoma kwa uangalifu zaidi, na hapa ndipo lilipo jambo ambalo wazazi wanapaswa kulifahamu. Margaret Beale Spencer na wenzake, waliofanya utafiti wao kuanzia miaka ya 1970 na 1980, walionyesha kwamba mtoto mweusi anaweza kumchagua mwanasesere mweupe na bado akajithamini sana yeye mwenyewe. Mambo hayo mawili hukaa mahali tofauti moyoni mwa mtoto: mahali pamoja pana jibu la swali kama yeye anapendwa, na jibu hilo huletwa na nyumba, na mahali pengine pana jibu la swali kama watu wa rangi yake ni wazuri, nalo huletwa na dunia. Mtoto mdogo huweza kuishi na majibu yanayopingana bila kuumia, kwa kuwa bado hajayaoanisha. Ataumia atakapokua kidogo na kutambua kwamba yeye ni mmoja wa hao ambao dunia imewahukumu. Spencer aliona pia kwamba watoto ambao wazazi wao walizungumza nao waziwazi juu ya watu wao na historia yao walielekea zaidi kuwaona watu wa rangi yao kuwa wazuri. Mapenzi matupu, hata yawe mengi kiasi gani, hayakulijibu swali la pili.

Kwa nyumba ya Mulot maana yake ni hii: mgongo wa mama, jina la babu aliyerudi na sifa ya ng'om humpa mtoto jibu la swali la kwanza kwa ukarimu usio na kifani, lakini swali la pili likiachwa bila jibu, litajibiwa na bango la duka la vipodozi, na tamthilia ya televisheni, na mwanasesere wa plastiki mwenye nywele za manjano aliyechukua nafasi ya yule wa gunzi la muhindi. Wala si vitu hivyo pekee vinavyojibu. Wageni wanaokuja kumwona mtoto mchanga huangalia ncha za masikio yake ili kubashiri rangi atakayokuwa nayo, na hubashiri kwa sauti. Ndugu wawili wa tumbo moja hulinganishwa mbele yao wenyewe, mmoja akaitwa mweupe kwa tabasamu na mwingine akaitwa mweusi kwa mzaha, na mzaha huo hudumu kuwa jina. Vijana wa Kenya husema rangi ya thao, wakilinganisha ngozi ya msichana na noti ya shilingi elfu moja, na msichana wa darasa la nne anayelisikia neno hilo huelewa mara moja kwamba ngozi inaweza kuwa fedha na kwamba yake haifikii kiwango. Hakuna hata mmoja kati ya wasemaji hao anayemchukia mtoto. Shangazi anayemwonya binti asicheze juani asije akawa mweusi humwonya kwa mapenzi, kwa kuwa anaijua dunia na anamtakia mume na kazi. Upendo wa namna hiyo hubeba mizani ndani yake, na kwa sababu umetoka kwa mtu aaminiwaye huingia ndani zaidi kuliko tusi la mtu baki.

Umbali ambao upendo wenye mizani unaweza kufika ulionekana Ghana mwaka 2018, pale Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilipolazimika kuwaonya wajawazito wasimeze vidonge vya glutathioni kwa nia ya kumng'arisha mtoto angali tumboni. Hao hawakuwa mama wasiojali. Walikuwa wakijaribu kumtengenezea mtoto njia, kama mzazi mwingine anavyouza ng'ombe alipe karo.

Kwamba mizani hii haina uhusiano wa kweli na rangi kunadhihirishwa na watoto ambao ngozi yao ni nyeupe na bado hawakubaliwi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino, yaani hali ya kurithi ambapo mwili hutengeneza melanini kidogo sana au hautengenezi kabisa, na wengi wao wamekua wakitazamwa kwa hofu, wakiitwa majina ya kudhalilisha na, hasa katika nchi jirani ya Tanzania, wakiwindwa na wauaji wenye imani za kishirikina. Weupe unaotukuzwa katika picha ya tangazo hugeuka kuwa balaa ukiwa juu ya mtoto wa jirani. Hali inayofanana na hiyo huwakuta watoto waliozaliwa na askari wa Uingereza wanaofanya mazoezi sehemu za Nanyuki na Samburu, ambao hulelewa na mama zao bila baba na huitwa mzungu na wenzao shuleni kwa namna ya kuwatenga. Ikiwa ngozi nyeupe ingekuwa na thamani yenyewe, watoto hawa wangeonewa wivu. Thamani ilikuwa ya cheo, na ngozi ilikuwa risiti tu ya cheo hicho. Mtoto anayeelezwa jambo hili kwa lugha inayolingana na umri wake hupewa silaha halisi, kwa kuwa hukoma kudhani kwamba kuna kasoro mwilini mwake na huanza kuona kwamba kuna uongo katika historia.

Shule nayo ina sehemu yake. Katika shule nyingi za msingi za umma nchini Kenya wasichana hutakiwa kunyoa nywele, na sababu zinazotolewa ni usafi, usawa na muda wa masomo, sababu ambazo hazipaswi kupuuzwa mahali ambapo maji huchotwa mtoni na dawati moja hukaliwa na watoto watatu. Ila pale ambapo mtoto mwenye nywele laini huruhusiwa kuzifuga na mwenye nywele za kipilipili huamriwa kuzinyoa, sababu ya usafi imekwisha, na kilichobaki ni fundisho kwamba nywele zinazoota kichwani mwa Mwafrika ni uchafu. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataja rangi miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, na hakisemi kwamba mtu huyo awe amefikisha umri wa kupiga kura. Mwalimu wa chekechea anayechagua ni nani awe malaika katika igizo la Krismasi anakitekeleza kifungu hicho au anakivunja, hata kama hajawahi kukisoma.

Mkenya aliyelieleza jambo hili kwa uwazi kuliko wote ni mwigizaji Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya na kushinda tuzo ya Oscar mwaka 2014. Katika hotuba aliyoitoa mwaka huohuo alisimulia kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe zaidi, na kwamba mama yake alimwambia mara nyingi kuwa yeye ni mzuri, lakini maneno hayo hayakumfariji, kwa kuwa aliyaona kuwa wajibu wa mama. Kilichomgeuza mawazo kilikuwa ni kumwona Alek Wek, mwanamitindo wa Kidinka kutoka Sudan Kusini mwenye ngozi nyeusi sana, akisifiwa na ulimwengu ambao haukuwa na wajibu wowote wa kumsifu. Ushuhuda huo unarekebisha dhana rahisi kwamba mzazi akisema tu maneno mazuri kazi imekwisha. Mtoto hupima ushahidi kama hakimu: neno la mama hulipokea, kisha hutazama kama lipo jingine linalolithibitisha, na asipolipata hulihesabu la mama kuwa huruma.

Kwa hiyo mama wa Mulot anahitaji mashahidi, na mashahidi hao hawana budi kutoka kwa watu ambao mtoto hawadhani kuwa wamelazimika kumpenda: mwalimu anayemchagua mtoto mweusi tii kuwa wa kwanza katika igizo, mhubiri asiyetumia weusi kuwa mfano wa dhambi kila Jumapili, msusi anayegusa nywele za kipilipili bila kuguna, mjomba anayekoma kumwita mpwa wake kwa rangi yake, mchapishaji anayemchora mtoto wa Kikipsigis kwa rangi aliyonayo hasa. Baba pia ni shahidi mzito ambaye mara nyingi hukaa kimya, kwa sababu binti husikiliza kwa makini sana ni wanawake wa aina gani ambao baba yake huwaita wazuri wanapotokea katika televisheni, na mtoto wa kiume husikiliza vilevile, na ndiye atakayeibeba mizani hiyo hadi siku ya kuchagua mchumba.

Mwaka 2019 Nyong'o alichapisha kitabu cha watoto kiitwacho Sulwe, neno la Kijaluo lenye maana ya nyota, juu ya msichana mwenye rangi ya usiku wa manane anayetamani kuwa mweupe kama dada yake, nacho kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Shule za chekechea za Bomet, Kericho na Narok zenye kabati la vitabu, hata likiwa na rafu moja, zikitafute na zikiweke mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, na walimu wakisome kwa sauti darasani wakati wavulana wamo.